Njaa ya Panya, Njaa ya Watu

Kila inapotangazwa kwamba panya waliopunguziwa chakula wameishi muda mrefu, hawakosekani wenye shibe wa kuigeuza habari hiyo kuwa mawaidha kwa wenye njaa. Mawaidha hayo nayapinga kwa sayansi ile ile wanayoitegemea.

Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kuwa panya waliolishwa kidogo huweza kuishi zaidi ya walioshiba. Sehemu ya sababu ilikuja kueleweka baadaye: chakula kinapopungua, insulini na homoni ya jamii yake iitwayo IGF-1 hushuka, na mwili hupunguza kasi ya kukua ukajielekeza katika kujikarabati. Mwaka 2003 watafiti walizima jeni ya kipokezi cha insulini katika seli za mafuta za panya. Panya hao walikula kama kawaida, wakabaki wembamba, wakaishi takribani asilimia 18 zaidi.

Lakini tukitazame vizuri chakula cha panya wa maabara. Kinachopunguzwa ni nishati. Vitamini na madini hutiwa kwa kipimo ili asidhoofike. Halimi, hachoti maji, haumwi malaria. Na hata huko si wote wanaonufaika: katika jaribio la mwaka 2010 lililohusisha nasaba zipatazo 40, waliopunguziwa asilimia 40 ya chakula walifupishiwa maisha katika nasaba nyingi kuliko zile walimorefushiwa.

Njaa ya watu tunayo kumbukumbu yake. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Posho ya siku ilishuka chini ya kalori 1,000. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walipofikia utu uzima, miili yao ilikuwa dhaifu zaidi katika kuhimili sukari. Miongo sita baadaye, waliotungwa mimba katika njaa hiyo walikutwa na alama za kikemia zilizopungua kwenye jeni ya IGF2, ya ukoo ule ule wa insulini, kuliko ndugu zao wa tumbo moja.

Basi kiongozi anayetaka kutuhimiza tufunge mkanda kwa ushahidi wa panya, atuambie kwanza mjamzito wa kijijini atatiliwa na nani yale madini na vitamini.