Popo, Mvule na Sisi wa Mpakani

Ndugu wananchi wa Lunyo, wa Majanji, wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na wa Tororo, siku hizi kila kikao cha mazingira kinaishia kwenye kugawa miche. Ni jambo jema, ila halitoshi, kwa sababu mvule tunaoupasua mbao za milango na mitumbwi ya ziwani haurudi kwa jembe peke yake. Mvule una mti dume na mti jike. Dume hutoa vishada vyembamba virefu vinavyoning'inia, na chavua yake hubebwa na upepo. Jike huzaa tunda fupi nene la kijani, lililojaa mbegu ndogo ndogo. Mbegu hizo husambazwa zaidi na popo, wanaolila tunda usiku na kuzidondosha mbali na mti mama. Mche ukiota juani peke yake, kidudu kiitwacho Phytolyma huufyonza. Chipukizi huvimba, huoza, na ncha hufa. Ukichanganyika na miti mingine hupona kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo anayeangusha jike la mwisho kijijini, au anayechoma mkaa vichaka vilivyobaki vya msitu wa West Bugwe, anaangusha na mivule ambayo bado haijaota.

Mtaniambia popo wanamaliza maembe na wana magonjwa. Kweli, hubeba virusi, na sioni sababu ya kuficha. Lakini hatari iko katika kuwashika, kuwachinja na kula tunda walilong'ata. Kuwafyekea mti wanaolala kunawatawanya tu hadi majumbani. Wengine watautetea mkaratusi, kwamba unalipa upesi. Unalipa, na aupande anayetaka, shambani kwake. Asiupeleke ukingoni mwa Mto Sio wala asiuite msitu, maana hauna tunda la kumlisha popo wala ndege. Na hoja ya kwamba tukiacha sisi watakata wa ng'ambo ina uzito: Kenya ilipositisha ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018, mahitaji ya mkaa hayakwisha. Ndiyo maana makubaliano ya upande mmoja hayafai.

Kabla ya mvua za Machi, wenyeviti wa vijiji (LC1) upande wa Uganda na wazee wa mitaa upande wa Kenya wakae pamoja, kila kijiji kihesabu mivule yake, majike yatiwe alama yanapozaa, yasikatwe, na vichaka vinavyoyazunguka viachwe vilivyo.