Gharama kwa pakiti: namba inayoua viwanda vyetu

Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, gari lililotoka Mombasa kwenda Malindi lilisimama Mnarani kungojea feri. Sasa niambie ndugu msomaji, tajiri wa mabasi wa enzi hizo angenunua basi lenye mbio zaidi, angepata nini? Angefika kwenye foleni mapema, basi. Fedha zote za ile injini zingekaa pale ufukoni zikingoja feri.

Kila mtu wa pwani anaelewa jambo hili. Lakini mkalishe mtu huyo huyo mbele ya kompyuta, mfungulie Excel, utaona anavyolisahau.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Ombi ninaloletewa mara kwa mara na wenye biashara ndogo ndogo huku kwetu ni hili: tutengenezee mfumo utuonyeshe kila bidhaa inatugharimu shilingi ngapi. Wanataka kodi ya jengo, stima na mishahara vikatwekatwe, kila pakiti ibebe fungu lake. Kisha namba hiyo ndiyo inayoamua bidhaa gani iendelee na ipi iachwe. Nasema wazi: namba hiyo haifai kuamua chochote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda kidogo Malindi kina kikaushio kimoja, kinakausha maembe na nazi. Wafanyakazi wanatosha, wateja wapo wa bidhaa zote mbili. Kinachobana ni kikaushio.

Pakiti ya maembe inauzwa shilingi 300. Ukitoa maembe yenyewe na mfuko, zinabaki 180. Pakiti ya nazi inauzwa 220, zinabaki 120. Nazi ina kazi nyingi ya mikono: kufua, kuvunja, kukwangua. Kwa hiyo mhasibu akigawa mishahara na kodi, anaibebesha nazi 100 na embe 90. Matokeo: embe faida 90, nazi faida 20. Uamuzi: acheni nazi, kausheni maembe tu!

Sasa uliza swali moja ambalo mfumo haukuuliza. Kikaushio kinatoa nini kwa saa? Pakiti ya maembe inakula dakika 6, ya nazi dakika 2. Saa moja ya maembe ni pakiti 10, yaani shilingi 1,800. Saa moja ya nazi ni pakiti 30, yaani shilingi 3,600. Mishahara ni ile ile, kodi ni ile ile. Bidhaa iliyoitwa mzigo inaingiza mara mbili ya ile iliyoitwa nyota.

Hii si hekima yangu. Ni ya Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyefariki mwaka 2011. Kitabu chake The Goal, alichoandika pamoja na Jeff Cox, kilitoka mwaka 1984. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa programu kama sisi, akiuza mfumo wa kupanga kazi za viwandani. Uhasibu wake wa thruputi una maswali matatu tu: fedha inayoingia kwa mauzo, ukitoa vitu vinavyoliwa na bidhaa yenyewe, ni kiasi gani? Fedha iliyolala ndani ya bidhaa na mitambo ni kiasi gani? Fedha ya kuendesha shughuli ni kiasi gani? Halafu unatafuta kikwazo, unakitumia mpaka dakika ya mwisho, unavipanga vingine vyote vikifuate, na hapo ndipo unafikiria kukipanua. Kikihama, unaanza upya.

Wenzangu waandishi wa programu, sisi ndio wa kulaumiwa zaidi. Programu ikienda polepole tunapima kwanza, kwa sababu tunajua kwamba sehemu inayokula asilimia 5 ya muda, hata ukiifuta kabisa, umeokoa asilimia 5 tu. Kwenye kodi yetu tunajua hivyo. Kisha tunamwandikia mteja mfumo unaofanya kinyume, tunachukua malipo yetu, tunaondoka.

Najua wahasibu watakuja juu. Watasema viwango vya kimataifa, IAS 2, vinataka gharama za kudumu za uzalishaji ziingie katika thamani ya bidhaa zilizo ghalani. Ni kweli, na kwa taarifa za benki na wakaguzi, gawanyeni. Lakini taarifa ya mkaguzi na uamuzi wa Jumatatu asubuhi ni vitu viwili. Watasema pia kwamba mishahara hubadilika. Sawa. Uamuzi ukikulazimu kuajiri mtu, hesabu mshahara wa mtu huyo. Usiisingizie nazi mshahara ambao ungeulipa hata bila nazi.

Tena si mambo ya pakiti tu. Kilifi tulikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho, Kenya Cashewnuts, kilichoanza miaka ya 1970 na kuanguka miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, ili viwanda vya ndani vipate mali. Nia naiheshimu. Lakini kikwazo kilikuwa wapi? Mikorosho mingi ya pwani ni mizee na mazao yake ni haba. Marufuku haiongezi korosho hata moja mtini, inachagua tu nani ataruhusiwa kuinunua. Na mkulima akipunguziwa wanunuzi, ana sababu gani ya kupanda miche mipya? Hapo umekibana zaidi kile kile kilichokuwa kimebana.

Kwa hiyo wewe unayetaka kukopa ununue mashine, au kufukuza vibarua ili "kupunguza gharama", ngoja kidogo. Tembea kiwandani. Tazama kazi imerundikana mbele ya nini. Rundo hilo ndilo feri yako, na mpaka ulishughulikie, kila shilingi unayotumia kwingine ni basi jipya kwenye foleni ya Mnarani.