Kuimba ni Kupokezana, Hata kwa Kiingereza

Mtoto wa mtaa wa Tuwan mjini Kitale huwa na lugha mbili au tatu kabla hata hajavaa sare ya shule. Nyumbani huenda akasikia Kibukusu, Kiturkana, Kikuyu au Kisabaoti. Dukani na mchezoni ni Kiswahili. Kisha huja Kiingereza, nacho huja kama mgeni aliyeshika kiboko.

Tangu Kamati ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, na kuanzia la nne masomo yaendeshwe kwa Kiingereza. Kwa hivyo mtoto asiyekielewa Kiingereza hakosi somo hilo pekee. Hesabu na sayansi pia humpita.

Utasema, basi mtoto asome vitabu zaidi. Lakini mara nyingi kinachomzuia mtoto ni aibu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi wanafunzi wa zama za ukoloni walivyopigwa au kutundikwa bamba shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Wengi wenu mnakumbuka kile kibao kilichopitishwa mkono kwa mkono shuleni. Mtoto aliyechekwa mbele ya wenzake hufunga mdomo, na lugha haijifunzwi na mdomo uliofungwa.

Hapo ndipo wimbo unapofaa. Anayeimba na wenzake arobaini akikosea neno, hakuna anayemgeukia. Sauti yake imefichwa katika sauti za wengine. Atarudia mara kumi bila kuchoka, jambo ambalo hawezi kulifanya na sentensi iliyoandikwa ubaoni.

Wahenga walinena kuwa kuimba ni kupokezana. Watu wa Bungoma wanaujua ukweli huo vizuri. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana wa Kibukusu anayejiandaa kutahiriwa hucheza khuminya huku njuga za chinyimba zikilia mikononi. Kiongozi anatoa ubeti, kundi linaitikia. Hakuna aliyepewa daftari, lakini hata watoto wadogo wanaofuata nyuma huyashika maneno yote. Wameyashika kwa sababu wamepewa nafasi ya kujibu.

Kenya iliwahi kuitumia siri hiyo kufundishia Kiingereza. Mapema miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya ikishirikiana na wataalamu wa Marekani ilitayarisha vipindi vya redio vya nusu saa kwa madarasa matatu ya kwanza. Sauti ya redioni iliuliza swali kisha ikanyamaza sekunde chache. Katika kimya hicho darasa zima lilijibu kwa sauti, au likatenda lililoagizwa. Tathmini ilionyesha kwamba wanafunzi hao waliwapita wenzao wasiotumia redio, katika kusikiliza na katika kusoma. Redio ile haikuweza kumsikia hata mtoto mmoja. Nguvu yake ilikuwa katika kile kimya.

Wimbo pia hunyoosha ulimi. Maneno ya Kiswahili huishia kwa vokali, ndiyo maana mtoto husema "miliki" badala ya "milk". Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini Waingereza huubeba huku na huku: "hospital" wanaukazia mwanzo, "tomorrow" katikati. Kanuni za jambo hili ni nyingi na zinachosha. Wimbo mzuri huuweka mkazo mahali pake, na mapigo ya ngoma humshurutisha mtoto aufuate.

Zamani tulihangaika na kaseti, tukizungusha utepe kwa kalamu ya risasi ili tusikie tena ubeti mmoja. Leo simu ya kawaida hufanya hayo kwa kidole. Huhitaji intaneti kila siku: wimbo mmoja kwenye memori kadi watosha juma zima.

Jaribu hivi. Chagua wimbo mfupi, wa polepole, wenye kiitikio kinachorudiwa. Kwa wadogo, chukua ule wa kugusa kichwa, mabega na magoti, ili neno na kiungo viende pamoja. Usikilizeni mara moja bila kufundisha lolote. Mara ya pili, simamisha simu kabla ya neno la mwisho wa mstari, umwache mtoto alitaje. Kwa wakubwa, andika maneno ukiacha mapengo, wayajaze wakisikiliza. Programu nyingi za simu zinaweza kupunguza kasi ya wimbo; itumie nafasi hiyo. Mwisho, mrekodi mtoto akiimba, ajisikilize mwenyewe. Wengi huomba kurudia kabla hujawaambia.

Kisha yatoeni maneno nje ya wimbo. Aliyeimba kuhusu magoti na aulizwe kwa Kiingereza, "Goti lako liko wapi?" Neno lisilotoka nje ya wimbo hubaki mapambo.

Nina tahadhari mbili. Nyimbo nyingi zinazovuma hukata maneno na kuvunja sarufi, na nyingine zina matusi ambayo mzazi hayatambui kwa sababu ya kasi. Sikiliza kwanza wewe mwenyewe, au mwombe mwalimu akusaidie. Pili, kumwachia mtoto simu ikiimba kutwa hakumfundishi chochote. Atajua mdundo wote asijue maana ya neno hata moja.

Wala usidhani Kiingereza kinadai kafara ya lugha ya nyumbani. Mtoto aliyezoea kuitikia kwa Kibukusu au Kiturkana tayari ana sikio la muziki na ujasiri wa kujibu. Mwongezee maneno mapya juu ya hayo.

Basi jioni ya leo, mzazi, mkiwa mnangojea ugali uive, weka wimbo mmoja. Ukifika mwisho wa mstari, bonyeza usimame, unyamaze, umtazame mtoto. Zamu ni yake.