Ilani ya Vijana wa Tana: Deni Hulipwa kwa Jirani

Sisi ni vijana wa Tana ya chini. Tumetoka Kipini, mto unapomwagia baharini, tumetoka Ozi na Kau, Ngao na Tarasaa, Minjila, Gamba na Garsen mjini, na wako nasi wenzetu wa Hola na Bura. Sisi ni Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wasanye, Wabajuni, Wagiriama na wengine walioukuta mto huu wakaupenda. Wapo kati yetu ambao mama ni wa mashambani na baba ni wa ng'ombe, nao wamechoka kuulizwa wako upande gani. Harakati yetu bado haina jina. Kila jina lililopendekezwa liliegemea lugha ya kabila moja, tukaona afadhali kazi ianze, jina lipigiwe kura baadaye.

Neno tulilokubaliana ni hili. Kijana aliyesaidiwa na jamii anadaiwa, na deni lake halilipi kwao. Analipa kwa jirani.

Aliyesomeshwa kwa michango ya wakulima ataenda kuwafundisha kusoma watoto wa wafugaji wakati wa likizo. Aliyesomea uuguzi akitoka katika boma la Waorma ataanza kujitolea katika zahanati ya kijiji cha mtoni. Fundi wa pikipiki aliyenunuliwa spana na kikundi chetu atamchukua mwanagenzi ambaye si wa ukoo wake wala wa msikiti au kanisa lake.

Tunajua mtatuuliza, wazee wetu: mbona asirudishe kwao kwanza? Kwao anarudisha tayari. Hakuna aliyewahi kuhitaji ilani ili amtumie mamake pesa ya unga. Hapa Tana wema haujawahi kupungua. Umeishia tu kwenye mpaka wa kabila. Harambee ni ya kwetu, timu ya mpira ni ya kwetu, chama cha akina mama ni cha kwetu, hata kundi la WhatsApp la waliomaliza shule pamoja hugawanyika mawili uchaguzi ukikaribia. Kila mpango wa kuwainua vijana unaopita ndani ya mipaka hiyo huwainua kweli, kisha huinua na ukuta.

Nasi tunajua ukuta huo umetugharimu nini. Kati ya mwaka 2000 na 2002 ugomvi uliozuka juu ya upimaji wa ardhi uliua watu zaidi ya 100. Mkulima alitaka hati ya shamba, mfugaji akaogopa kwamba hati hiyo itamfungia mto. Agosti 22, 2012, huko Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako hata maafisa wa polisi walikufa. Desemba ikawa Kipao. Tunavitaja vijiji hivi bila kusema nani alianza, kwa sababu kila mmoja wetu alifundishwa nyumbani jibu lake la swali hilo, na majibu hayo yote tumeyaweka mlangoni kabla ya kuingia kikaoni.

Lakini jambo moja tutalisema wazi. Wengi wa waliobeba silaha walikuwa wa rika letu. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema vijana wa Tana hawajawahi kupangwa vizuri, tunamshangaa. Tumewahi kupangwa, tena kwa ustadi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2012 ameingia ujana sasa, na iwapo hatutampanga sisi, wapo watakaompanga.

Baada ya damu zikaja semina. Tulivaa tisheti za amani, tukanywa soda, tukapigwa picha, tukatia saini ya nauli. Kabla ya hapo palikuwa na mpango wa serikali wa Kazi kwa Vijana wa mwaka 2009, na baadaye ukaja Mfuko wa Uwezo, kisha Kazi Mtaani ya 2020. Hatuibezi mipango hiyo yote, wako waliolipa kodi ya nyumba kwa ujira wa kufyeka mitaro, na njaa haina siasa. Kasoro tunayoiona ni kwamba mipango hiyo ilimwita kijana mnufaika na haikumdai chochote. Mtu asiyedaiwa huondoka siku pesa inapokwisha, na aliyeileta huondoka siku hiyo hiyo. Sheria ya kuwatengea vijana, wanawake na walemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali nayo tunaijua: mara nyingi kijana ni jina kwenye karatasi, na lori ni la mzee aliyemkopa jina hilo. Yupo ambaye hata hakujua kampuni yake ilishinda zabuni.

Tumetazama kwingine. Mathare, jijini Nairobi, chama cha michezo cha MYSA kilianza mwaka 1987, na tangu zamani timu ya watoto hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, zikaongezwa kwenye zile za mabao. Anayejitolea kufundisha au kusimamia wenzake hujikusanyia pointi zinazogeuka kuwa karo. Hatuwezi kuuhamisha mpango wa Mathare kama ulivyo, maana kwetu taka si shida kubwa na kijiji hadi kijiji ni mwendo wa nusu siku. Tunachokichukua ni ule ushupavu wa kumwambia mtoto wa maskini kwamba naye ana cha kutoa, na kukihesabu.

Kazi yetu ya kwanza ni malka.

Asiye wa huku pengine haijui. Malka ni njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni. Kuanzia Desemba hadi Machi, nyika inapokauka, ng'ombe huteremka deltani, wengine kutoka Garissa na Lamu, na wote wanahitaji ukingo wa mto. Mkulima naye amelima hadi ukingoni, kwa sababu udongo unaoachwa na mafuriko ndio wenye mpunga, mahindi na ndizi. Tena mto wetu huhama. Malka aliyoijua babu inaweza leo kuishia kwenye mkondo mkavu, na pale maji yaliko sasa pana shamba la mtu ambaye hakumnyang'anya yeyote. Juu ya hayo mathenge, mti ulioletwa katika miaka ya 1980 eti uzuie jangwa, umeziba njia kwa miiba kiasi kwamba mchungaji akitaka kulikwepa shamba hana pa kupitia. Idadi yetu nayo haijasimama: sensa ya 2009 ilituhesabu watu 240,075 katika kaunti nzima, ya 2019 ikatukuta 315,943.

Basi katika kila wadi ya eneobunge la Garsen, na ziko sita, tutaweka jozi za vijana, mmoja wa nyumba ya wakulima na mmoja wa nyumba ya wafugaji. Watatembea kila malka pamoja na wazee wa gasa, baraza la Wapokomo, na wa matadeda, baraza la Waorma, waiandike kwa simu na kwa alama za ardhini zinazoonekana. Penye mathenge tutafyeka, makaa yake tutayauza kwa kibali, na fedha itaingia kwenye mfuko wa harakati. Penye shamba lililoziba njia hatutafyeka kitu. Hapo ni pa wazee kuketi, nasi tutaketi nyuma yao hadi waelewane.

Kiangazi kikifika jozi hizo zitafanya doria. Ng'ombe wakiingia shambani, wawili hao watafika siku hiyo hiyo, wapige picha, wapime hasara kwa hatua, na kuiandika kwenye karatasi moja itakayotiwa saini na mwenye shamba na mwenye mifugo. Ng'ombe akikatwa panga, vivyo hivyo. Anayeishi Garsen anajua kwa nini siku hiyo moja ina uzito. Robo ekari iliyokanyagwa asubuhi, habari zake zinapofika sokoni jioni, imeshakuwa ekari kumi, na ng'ombe mmoja aliyejeruhiwa amekuwa zizi zima. Anayesubiriwa kuja kukadiria huja baada ya wiki, akija.

Maji ya mto yanapozidi, hakuna mkulima wala mfugaji, wote wako juu ya paa au juu ya mti. Tumeyaona mwaka 1997, 2018, 2023 na 2024. Nchi inapata umeme kutoka mabwawa ya Seven Forks, na Masinga linapofurika, maji yale huchukua siku kadhaa kutufikia. Siku hizo ni zetu, tusipozitumia ni uzembe. Tutakuwa na mnyororo wa simu kutoka Garissa hadi Kipini: kijana wa juu akiona kina kimepanda, wa chini ajue saa hiyo, aende nyumba kwa nyumba kwa wazee na walemavu. Wanaojua kupiga kasia, na kwenye vijiji vya Wapokomo hao hawakosekani, watawafundisha vijana wa wafugaji kuogelea na kuongoza mtumbwi. Wafugaji nao watatuonyesha sehemu zilizoinuka wanazohamishia ndama. Kila mara barabara inapokatika pale Lango la Simba abiria hukaa siku nzima wakingoja boti ya serikali, wakati vijana wenye misuli wako pembeni wanatazama. Wengine wanatoza.

Kuhusu wasichana, tusidanganyane. Ukiitisha mkutano wa vijana Tana River wanakuja wavulana. Dada zetu wako kisimani, jikoni, au wameolewa kabla ya Katiba kuwatambua kuwa vijana, maana Katiba inaanzia miaka 18. Majirani zetu wa Kilifi walianza na mpira: tangu 2001 shirika la Moving the Goalposts limewachezesha wasichana, na waliocheza wakawa makocha, waamuzi na viongozi. Sisi tumeamua kwamba kikao kisichokuwa na wasichana theluthi moja hakitatoa uamuzi. Kitaahirishwa, hata kama wageni wametoka Nairobi. Na kikao kitafanywa saa wanazoweza kufika, mahali ambapo mzazi hatakuwa na hofu, hata kama ni uani kwa mama fulani badala ya ukumbini.

Fedha. Kila mwanachama atatoa shilingi 50 kwa mwezi. Ni kidogo, na tumeichagua kwa sababu ni kidogo: kijana wa bodaboda na binti wa kuuza samosa wanaweza kuitoa, kwa hiyo wanaweza pia kuuliza imeenda wapi. Daftari litasomwa kwa sauti mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili. Mfadhili akija tutampokea, mradi bajeti yake yote isomwe hadharani pia, pamoja na mstari wa magari na wa hoteli.

Kwa serikali ya kaunti kule Hola tunadai kitu chepesi: orodha ya waliopewa basari, na kiasi alichopata kila mmoja, ibandikwe mlangoni pa ofisi ya kila wadi. Tukijua nani amesaidiwa kwa kodi yetu, tutajua nani wa kumwomba siku kumi za likizo yake. Hatutamlazimisha. Tutamfuata nyumbani kwao, tusalimie wazazi, tumwombe.

Kwa wazee wetu wa gasa na wa matadeda, shikamooni. Hatuji kuwapokonya kiti. Tunaomba mtutengee mkeka, vijana wawili wa kike na wawili wa kiume katika kila baraza, tuwe tunasikia mnapoamua mambo ya mto. Mapatano mengi ya huko nyuma yalivunjwa na vijana ambao hawakuwepo yalipofanywa.

Kwa wanasiasa tuna la kusema mapema, kabla ya Agosti 2027. Mwanachama anayetaka kugombea kiti chochote ataachia uongozi wa harakati miezi 12 kabla. Mgombea hatapewa orodha yetu ya simu. Akitaka kufyeka mathenge na sisi, karibu, aje na panga lake, na wapiga picha wake wabaki Minjila.

Wimbo wa taifa letu umejengwa juu ya sauti ya wimbo ambao mama wa Kipokomo alikuwa akimbembelezea mtoto. Kila Mkenya anausimamia wima, na wachache tu wanajua Tana iko wapi kwenye ramani. Hatuoni sababu ya kuwangojea waijue.

Kazi ya kwanza ni kufyeka malka kabla ya kiangazi kijacho. Atakayejiunga alete panga au jembe na maji yake ya kunywa. Chini ya karatasi hii pana mistari mitatu kwa kila mtu. Wa kwanza ni wa jina lako, wa pili wa kijiji chako. Wa tatu andika kijiji cha jirani utakakokwenda kutumika, na hakikisha si cha wajomba zako.