Mashine Inayojua Kujizuia

Bismillahi Rahmani Rahim.

Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumsalia Mtume wake, wiki hii napenda kuwasimulia safari niliyoifanya hadi Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, kwa jambo ambalo mwanzo niliona ni dogo.

Mama mmoja mjane, mwenye mtoto wa kiume na wa kike, alinipigia simu akilalamika kuwa mwanawe amepotea. Hakupotea kwa miraa wala kwa marafiki wabaya. "Maalim," aliniambia, "huyu mtoto ameingiwa na wazimu wa vyuma. Ua wangu umegeuka jaa. Nakuomba uje umwambie aviuze kwa kilo, arudi kwenye vitabu vyake." Kijana mwenyewe yuko kidato cha tatu. Nikapanda gari hadi Maungu, kisha nikashika barabara ya vumbi iendayo Kasigau, na njia nzima nilikuwa nikipanga nasaha za kumpa.

Nilimkuta chini ya mwarobaini, mikono imejaa grisi. "Shikamoo, Maalim," akasema, akanipa kifundo cha mkono nikishike, kwa kuwa kiganja kilikuwa kichafu. Mbele yake, juu ya ubao mzito, palikuwa na injini ambayo hakuinunua wala hakuirithi. Ameiunda mwenyewe. Silinda na pistoni yake ni za kompresa kuukuu ya kujazia magurudumu upepo. Vali ya kutolea moshi, plagi na koili ni za bodaboda iliyokwisha kazi. Magurudumu mawili mazito ya chuma yalitoka kwenye mashine ya kusaga iliyovunjwa. Kuzunguka silinda amejenga boksi la bati nene lililojaa maji, ili maji yale yakichemka yachukue joto na chuma kisiungue.

Nikamwuliza: "Mwanangu, injini za kununua zimejaa madukani. Hii ya nini?" Akanijibu: "Maalim, hii inajua kujizuia." Neno hilo lilinikalisha chini.

Injini za namna hii zilienea Ulaya na Marekani baada ya Mjerumani Nikolaus Otto kutengeneza injini ya mapigo manne mwaka 1876. Wakulima walizitumia kuvuta maji, kupasua mbao na kupukuchua mahindi. Kampuni ya John Deere iliunda yake tangu mwaka 1923 hadi 1946. Mapigo manne ni haya: pistoni hurudi nyuma ikavuta hewa na petroli, husonga mbele ikavibana, cheche ya plagi huviwasha, na moto ukaisukuma pistoni nyuma kwa nguvu, kisha husonga mbele tena ikautoa moshi. Mapigo hayo manne ni mizunguko miwili ya gurudumu, kwa hiyo vali ya moshi hufunguliwa mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Fundi wetu mdogo alilipata hesabu hilo tayari katika bodaboda: mnyororo mdogo wa ndani na gia zake mbili, moja ina meno mara mbili ya mwenziwe.

Hadi hapo haina tofauti na injini nyingine. Tofauti imo katika kidhibiti mwendo. Ubavuni mwa gurudumu amefunga vipande viwili vya chuma vinavyoshikwa na springi. Gurudumu likizidi kasi iliyowekwa, vipande hivyo hutupwa nje kwa mzunguko na kusukuma kishikizo kidogo. Kishikizo hicho huinasa fimbo ya vali ya moshi, vali ikabaki wazi. Sasa angalieni hekima yake. Vali ya kuingizia petroli haina fimbo yoyote ya kuisukuma. Hufunguka kwa mvuto wa pistoni peke yake. Vali ya moshi ikiwa wazi, pistoni hupumua kupitia hapo, mvuto hupotea, na mlango wa petroli hubaki umefungwa. Hainywi tone. Magurudumu yale mazito huendelea kuzunguka kwa nguvu yaliyokwisha kuihifadhi, kwani gurudumu likizunguka kwa kasi maradufu huwa limehifadhi nguvu mara nne. Mwendo ukipungua, springi hurudisha vile vipande, kishikizo kikaachia, vali ya moshi ikafunga, petroli ikavutwa, na injini ikapiga tena: pa! Kisha kimya, pumzi tupu, mpaka haja irudi.

Wengi wetu tumezoea mlio wa mashine za kusaga za dizeli, tuku-tuku-tuku bila kukoma. Hizo hupunguziwa mafuta kazi ikiwa nyepesi, lakini huwaka katika kila zamu. Hii hushika zamu moja ikaacha nyingi, kama mtu asiyesema ila lenye maana.

Lakini siku ile ilikuwa na kasoro. Ilipopumzika, bomba lake lilinuka petroli, na ilipopiga tena ulitoka mlio mkali bombani hata kuku wakatawanyika. Mama akanitazama kwa jicho la "umeona?" Kijana alikuwa ameshika kabureta, anaishuku. Dada yake, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameketi kando akisuka kikapu cha mkonge. Akasema pasi na kuinua uso: "Kaka, inakunywa hata ikiwa imepumzika."

Kijana akanyamaza, kisha akaizima na kuifungua vali ya kuingizia. Springi yake ilitoka ndani ya kalamu ya wino, nayo ilikuwa laini mno. Mvuto mdogo tu uliobaki uliweza kuifungua, petroli ikapita bila kuwashwa, ikaenda kulipukia bombani. Akatia springi ya tochi iliyokuwa ngumu kidogo. Alikuwa amewahi kujaribu iliyo ngumu zaidi, akasema, na injini haikuweza kuvuta petroli hata ilipoihitaji. Ikilegea ni israfu, ikikaza ni uchoyo. Uzima wake uko katikati. Mimi niliyekuja na nasaha za njiani sikuwa na nasaha iliyo bora kuliko hiyo.

Binti akachora alama ya chaki kwenye gurudumu, akahesabu. Bila kazi, injini ilizunguka mara 14 baina ya pigo na pigo. Wakafunga mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi, na mama mwenyewe akaanza kutia magunzi. Sasa ikapiga kila mizunguko miwili au minne. Mama aliposita kukusanya punje, injini nayo ikasita. Aliporudi, ikarudi. Akacheka, akasema, "Hii inanifuata mimi!" Nami nikajifunza kutoka kwa binti yule kwamba hesabu ya kimya ndiyo kipimo cha uzima wa mashine hii: kadiri inavyozunguka zaidi bila kuwaka, ndivyo vyuma vyake vinavyosuguana kidogo.

Ndugu zangu, tusidhani kazi hii ni ya watu wengine na sisi ni wageni ndani yake. Tunasoma kwamba Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma na akafanya kazi kwa mikono yake. Na mwaka 1206 Muislamu mmoja, al-Jazari, fundi katika nyumba ya watawala wa Diyarbakir, alimaliza kitabu cha mashine ambamo ameeleza pampu ya maji yenye pistoni mbili, silinda za shaba na vali za kufunga na kufungua. Aliandika vipimo na namna ya kuunda, ili fundi mwingine aweze kuitengeneza. Pistoni, silinda na vali: ndizo nilizoziona chini ya mwarobaini wa Rukanga.

Na hapa Kenya tuna funzo jingine. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikabidhiwa kazi ya kubuni gari la taifa. Mwaka 1990 magari ya kwanza ya Nyayo yakaonyeshwa hadharani, kisha mradi ukakwama kwa kukosa fedha. Mradi wa taifa ukikwama, hasara ni ya wote. Lakini mradi wa mtoto hukwama kwa neno moja tu la mzazi: "Toa takataka hizi."

Basi sikumwambia kijana aviuze vyuma vyake. Nilimpa masharti manne mbele ya mama yake, nami nayaleta kwenu kwa sababu huenda mashine ya namna yoyote ikaingia nyumbani mwenu.

La kwanza, chuma kiwe halali. Mnakumbuka kwamba Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa mali ya umma, marufuku iliyoondolewa miezi michache baadaye. Kipande kisichojulikana kilikotoka kisiingie uani. Kijana alinionyesha daftari alimoandika kila kipande, aliyemwuzia na bei yake, nikafurahi.

La pili, moshi. Injini ya petroli hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Isiwashwe jikoni, wala chumbani, wala kibandani hata mvua ikinyesha. Petroli isitiwe katika chupa ya soda, maana mtoto mdogo huona soda. Wala isiongezwe injini ikiwa ya moto.

La tatu, na hili nawausia hasa mama zangu na binti zangu. Buibui, mtandio na leso vina ncha zinazoning'inia. Mkanda na gurudumu havijui sitara. Vikinasa ncha ya nguo huvuta na mwili wake. Atakayeikaribia mashine akaze nguo zake, achomeke ncha zote, na mkanda uwekewe kizuizi cha wavu au bati. Na mashine hii ina hila inayoizidi nyingine. Inapopumzika huwa karibu kimya, na mtoto hudhani imezimwa, kumbe gurudumu linazunguka na pigo lijalo liko njiani. Hata baada ya kuikatia cheche, magurudumu huendelea kwa muda. Wafundisheni watoto kwamba kimya chake si usalama. Asiguse mtu mpaka gurudumu limesimama kabisa kwa macho.

La nne, nyakati. Kazi ya vyuma ni baada ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, na siku za mitihani hakuna. Injini inayojizuia iundwe na kijana anayejizuia.

Mama alikubali, ila akatia lake: "Na huyu msichana, Maalim? Naye atapata masharti?" Nikasema masharti ni yale yale na haki ni ile ile. Aliyeisikia kasoro kabla ya fundi kuiona hafai kuachwa kando na kikapu peke yake, ijapokuwa ususi wake nao ni ufundi wa kuheshimiwa.

Nilirudi Maungu jioni nikiwa na magunia mawili ya maswali juu ya nafsi yangu. Ni mara ngapi tunawaka pasipo kazi? Tunawasha taa mchana, tunapika sufuria linalomwagwa, tunasema maneno yasiyoombwa, tunakasirika mbele ya watoto kwa jambo lililokwisha pita. Chuma kilichookotwa jaani kimefundishwa na mtoto kufunga mlango wake wakati hakuna haja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na mikono yao, aijaalie elimu yao iwe yenye manufaa, na atujaalie kiasi katika yote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.