Kucheza kwa Nguvu Si Kuvunjana Miguu

Jumapili ya tarehe 25 Julai, 2021, macho ya taifa zima yalielekea hapa kwetu Mwisho wa Reli. Simba na Yanga zilikuwa zikigombea Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Kabla ya mapumziko, kiungo wa Yanga, Mukoko Tonombe, alimpiga kiwiko nahodha wa Simba, John Bocco. Mwamuzi hakusita, alitoa kadi nyekundu. Yanga ilimaliza mchezo ikiwa na watu kumi, ikafungwa bao moja kwa bila.

Mengi yalisemwa vijiweni juu ya kadi ile, na wako ambao hawajaimeza mpaka leo. Sisi hatuna haja ya kuingia katika ushabiki huo. Tunauliza jambo moja tu: kiwiko kama kile kikitokea Kasingirima, jioni ya kombe la mtaa, ambapo hakuna kamera wala kamisaa, nani atakiadhibu?

Tuseme wazi kwamba hatupingi mpira wa nguvu. Kandanda ni mchezo wa wanaume na wanawake wakakamavu. Bega kwa bega katika kugombea mpira ni halali, na anayeogopa kuguswa akacheze bao. Lakini sheria imekwisha kuweka mpaka. Anayemvamia mwenzake kwa namna ya kuhatarisha usalama wake hutolewa nje, hata kama aliugusa mpira. Vikinga ugoko navyo ni lazima kwa kila mchezaji. Haya hayahitaji kikao kipya wala kamati ya kuyachunguza. Yanahitaji mtu wa kuyasimamia.

Kisingizio tunachokisikia mara kwa mara ni kwamba ukali wa mwamuzi utaua ladha ya mchezo. Kisingizio hiki si chetu peke yetu. Huko Marekani na Kanada uko mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, ambamo kumgonga mpinzani kwa mwili ni sehemu ya mchezo. Januari 1968, mchezaji aitwaye Bill Masterton aligongwa, akaanguka na kupiga kichwa kwenye barafu, akafariki dunia. Hakuwa amevaa kofia ngumu, kwani siku zile wengi waliiona kofia kuwa alama ya woga. Ligi yao ilingoja mpaka 1979 ndipo ikailazimisha, tena kwa wachezaji wapya tu. Miaka kumi na mmoja! Na mchezo haukufa. Wanagongana mpaka leo, na viwanja vinajaa.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanayo historia yao katika jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ngumi zilipigwa marufuku Zanzibar, na hazikuruhusiwa tena mpaka 2022. Hatuwapendekezei wenzetu wa kandanda njia hiyo. Ukifunga kiwanja, vijana watacheza barabarani, na huko hakuna refa kabisa.

Tena si kila maafa yanatokana na ubaya wa mtu. Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa Mbao aliifungia timu yake bao katika mchezo wa vijana dhidi ya Mwadui. Baadaye aligongana na mpinzani, akaanguka, akafariki siku hiyohiyo. Hilo lilitokea katika mashindano rasmi, kwenye uwanja unaojulikana nchi nzima. Je, kwenye viwanja vya vumbi vya Ujiji, kijana akilala bila fahamu, nani anajua amlaze vipi, na gari litoke wapi kumfikisha Maweni?

Mchezaji wa klabu kubwa ana daktari na mshahara. Kijana wa Kasingirima anaye mama yake. Akivunjika ugoko Jumapili, haingii ziwani kuvua dagaa Jumatatu, wala mwezi unaofuata. Na aliyemvunja huenda akabebwa juujuu na washabiki kwa kuwa ameokoa bao.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, pamoja na viongozi wa chama cha mpira, wasitoe kibali kwa kombe lolote la mtaa mpaka waandaaji waonyeshe mambo manne: mwamuzi aliyesomea kazi yake, vikinga ugoko kwa wachezaji wote, mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza akiwa na machela, na gari lililo tayari kando ya uwanja. Mfadhili anayemudu kununua mbuzi wa zawadi hashindwi kukodi bajaji kwa saa mbili. Na mwamuzi atakayetoa kadi nyekundu alindwe mpaka afike nyumbani kwake, maana bila hilo hakuna atakayethubutu kuitoa.