Ramani Iliyochorwa na Nani?
Wakubwa wetu hulipenda mno neno la Kiingereza "blueprint". Kila ahadi huitwa hivyo. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alivumbua karatasi iliyopakwa chumvi za chuma; ikianikwa juani chini ya mchoro, kisha ikaoshwa, hugeuka buluu, mistari ikabaki myeupe. Fundi alikabidhiwa nakala hiyo mchoro ukiwa umekwisha kamilika, vipimo vyote vimo. (Kiswahili kina neno ramani, lingetosha.) Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, nayo iliitwa hivyo, kwetu sisi ni shabaha zaidi ya ramani. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, yataka wananchi washirikishwe. Basi kaunti inayotangaza "blueprint" kabla ya kuitisha baraza inatuletea nakala ya mchoro tusioulizwa, na twaweza kuishtaki.